Nguzo za Chini ya Ardhi na Dhamana ya Kuzilinda

Hapa Visiwani hatuna migodi ya kuchimba chini kwa chini, na pengine msomaji atajiuliza kwa nini safu hii leo inaacha habari za karafuu, mwani na skuli na kuingia katika mashimo ya nchi za mbali. Sababu ya kwanza ni kwamba migodi ya Bara inazidi kushuka. Bulyanhulu unachimbwa chini kwa chini tangu 2001, na Geita, ambao watu waliuzoea kuwa ni mashimo makubwa ya wazi, nao umeingia chini ya ardhi. Viongozi wanaotia saini karatasi za kazi hizo ni hawa hawa wanaosoma gazeti hili. Sababu ya pili ni kwamba juu ya jambo ninalotaka kulieleza leo, yaani maji na unyevu unavyolila jiwe lililobeba uzito, mkaazi wa Mji Mkongwe hahitaji kufundishwa na mtu. Ameiona plasta ya chokaa ikifura baada ya masika, akaona ukuta wa mawe ya matumbawe ukitoa unga mweupe, na akasikia mawe yakianguka usiku katika nyumba ambayo mchana ilionekana imesimama.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka mchana na kuua mafundi wawili. Sababu za kuanguka kwake si kazi ya makala hii. Nalitaja kwa kuwa siku ile kila mtu alielewa kwamba jengo haliangui kwa siku moja. Huanguka kwa miaka mingi, na siku ya mwisho ndiyo pekee inayosikika.

Sasa tuteremke mgodini. Njia mojawapo kongwe ya kuchimba makaa ya mawe, chumvi, jasi, chaki au chuma ni kuondoa jiwe katika vyumba na kuacha vipande vya jiwe lile lile visimame kama nguzo za kubeba dari. Ni mfano wa mtu anayechonga msikiti ndani ya mwamba mmoja: haleti nguzo kutoka nje, bali huziacha. Ubora wa njia hii ni kwamba haihitaji miti wala chuma kingi. Ubaya wake ni kwamba kila nguzo ni mali ambayo mwenye mgodi ameiacha kwa shingo upande, na kila siku humwitia jicho.

Hesabu yake si ngumu. Chukua mgodi ulio mita 200 chini. Kila mita mraba ya mwamba pale imebeba takriban tani 500 za mawe yaliyo juu yake. Ukiondoa nusu ya mwamba na kuacha nusu, ile nusu iliyobaki hubeba mzigo wa wote wawili, yaani tani 1,000 kwa mita mraba. Ukiondoa robo tatu, robo iliyobaki hubeba tani 2,000. Mlima haupungui uzito kwa sababu bei ya madini imepanda. Na nguzo moja ikishindwa, mzigo wake haupotei, bali huhamia kwa jirani zake, ambao nao walikwisha kulemewa.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa damu ya Waafrika. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook huko Afrika Kusini, nguzo ziliporomoka kwa mamia, moja ikiivuta nyingine, na watu 435 wakafukiwa. Wengi wao walikuwa vibarua kutoka Lesotho, iliyokuwa ikiitwa Basutoland wakati huo, na kutoka Msumbiji. Maiti zao hazikutolewa mpaka leo. Baada ya msiba huo ndipo wataalamu Salamon na Munro walipozipima nguzo za migodi ya nchi ile, 98 zilizosimama na sehemu 27 zilizoanguka, na mwaka 1967 wakatoa kanuni inayoonyesha nguvu ya nguzo kwa kutazama upana na kimo chake. Kanuni hiyo imeokoa maisha ya watu wengi, na ingali ikitumika. Lakini mtu akiitazama kwa makini ataona kwamba ndani yake kuna upana na kuna kimo, na hamna maji. Hamna umri wa nguzo wala hewa inayoizunguka. Inasema nguzo ina nguvu gani siku ilipoachwa. Haisemi itakuwaje baada ya miaka 30 ya kusimama katika unyevu.

Na hapo ndipo mahali pa hatari, kwa kuwa jiwe si kitu mfu kama tunavyodhani.

Jiwe la chaki, ambalo kwa asili ni ndugu wa haya mawe yetu ya chokaa, limejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Likiwa kavu huwa imara kwa kadiri yake. Likilowa maji hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake. La kustaajabisha zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea mwanzoni kabisa, jiwe linapotoka katika ukavu na kupata unyevu kidogo tu, kabla halijaloa chapachapa. Kwa hiyo mtu anayengoja kuona maji yakitiririka ukutani ndipo aanze kuogopa, amekwisha kuchelewa. Jasi nayo huyeyuka, kiasi cha gramu 2 katika lita moja ya maji. Hicho ni kidogo kwa siku moja, ila ni kingi kwa mto unaopita pale miaka 20. Chumvi ya mawe huyeyuka zaidi ya gramu 350 kwa lita, na nguzo ya chumvi iliyofikiwa na maji matamu haina muda mrefu wa kuishi. Mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake yana tabia nyingine: hufura yanapopata unyevu na kusinyaa yanapokauka, yakafura tena na kusinyaa tena, mpaka yakaanza kubanduka ganda baada ya ganda kama kitunguu. Kila ganda linaloanguka hupunguza unene wa nguzo, na mzigo haupungui.

Unyevu huo si lazima utoke kwenye chemchemi. Hewa peke yake yatosha. Msomaji atie maji ya barafu katika bilauri na kuiweka mezani adhuhuri ya mwezi wa Machi; kabla hajamaliza mazungumzo bilauri itatoka jasho kwa nje. Ndivyo inavyokuwa katika mgodi wa nchi za baridi wakati wa kiangazi. Hewa ya joto yenye mvuke inavutwa na feni kutoka nje, inaingia katika njia zenye ubaridi wa nyuzi 10 au 12, na mvuke unageuka umande juu ya nguzo na dari. Majira ya baridi yanapofika, hewa kavu inaingia na kuzikausha. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Marekani imejulikana kwa miaka mingi kwamba mawe ya dari huanguka zaidi katika miezi ya joto na unyevu. Feni inayompa mchimbaji pumzi ndiyo hiyo hiyo inayomlainishia dari.

Mfano mashuhuri wa jambo hili uko Poland, katika mgodi wa chumvi wa Wieliczka, ambao wachimbaji wake kwa karne nyingi walichonga makanisa na sanamu ndani ya chumvi. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1978, katika orodha ya kwanza kabisa. Lakini mwaka 1989 ukaandikwa miongoni mwa urithi ulio hatarini, na adui aliyetajwa alikuwa unyevu ulioletwa na mashine za kupitisha hewa tangu mwisho wa karne ya 19. Sanamu zilikuwa zikiyeyuka nyuso. Ilibidi kufunga mitambo ya kukausha hewa, na mwaka 1998 ndipo ulipoondolewa katika orodha ya hatari. Mji Mkongwe wetu, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ungeweza kubadilishana salamu na mgodi ule juu ya habari hii.

Palipokosekana mtu wa kutazama, historia ni nzito zaidi. Tarehe 23 Disemba 1958, huko Zichen-Zussen-Bolder nchini Ubelgiji, machimbo ya chini ya mawe ya chokaa yaliporomoka na kuua watu 18. Hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakulima wa uyoga, waliokuwa wakitumia mapango ya zamani kwa sababu ndani mlikuwa na giza na unyevu, na uyoga hupenda vyote viwili. Mwaka 1961 huko Clamart, karibu na Paris, machimbo ya chaki yalianguka chini ya mitaa ya watu na kuua 21. Na zamani zaidi, Januari 1910, majira yale yale ya gharika iliyoiingia Paris, machimbo ya chaki ya Château-Landon yaliporomoka, watu 7 wakafa.

Lakini mahali ninapotaka tupatazame kwa kituo ni jimbo la Lorraine, kaskazini-mashariki ya Ufaransa, kwa kuwa habari yake ni ya juzi na ina mafunzo kwa kila anayeshika madaraka.

Chini ya Lorraine kuna mawe ya chuma ambayo watu wa huko huyaita minette. Ni chuma hafifu, theluthi moja tu ndiyo chuma chenyewe, tena kina fosforasi, na hakikuthaminiwa sana mpaka Mwingereza Thomas alipovumbua njia ya kukisafisha mwishoni mwa miaka ya 1870. Tangu hapo mataifa mawili makubwa yaliligombania jimbo lile. Vijiji vya wakulima viligeuka miji ya wachimbaji, na kazi ngumu zikafanywa na Wataliani, Wapolandi, na baadaye Waalgeria na Wamoroko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa zikitolewa zaidi ya tani milioni 60 kwa mwaka. Kisha bepari akapata chuma bora na rahisi zaidi ng'ambo, Mauritania na Brazil zikiwemo, na migodi ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Wa mwisho ulifungwa mwaka 1997.

Katika sehemu nyingi za migodi hiyo, mwishoni mwa kazi wachimbaji walirudi nyuma wakizikata nguzo na kuiacha dari ianguke kwa kukusudia. Ardhi ya juu ilishuka, ikatulia, na habari ikaisha. Lakini chini ya vijiji, reli na viwanda hawakuruhusiwa kufanya hivyo. Pale nguzo ziliachwa zisimame ili kuwalinda wenye nyumba. Kwa hiyo palipochimbwa kwa pupa leo ndipo penye usalama, na palipoachwa nguzo kwa huruma ndipo palipobaki pa kuogopwa.

Tena kulikuwa na maji. Muda wote wa uhai wa migodi pampu zilikuwa zikifanya kazi usiku na mchana, zikitoa maji mengi kuliko madini yenyewe, na miji mingine ikayanywa maji hayo. Migodi ilipofungwa, wenye mali hawakuona sababu ya kulipia umeme wa pampu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 pampu zikazimwa eneo baada ya eneo, na maji yakaanza kupanda ndani ya vyumba vilivyo tupu. Yalipopanda yalikusanya salfeti kutoka katika mawe, yakawa hayafai tena kunywewa. Vijito vilivyokuwa vikilishwa na pampu vikapungua.

Tarehe 14 Oktoba 1996, katika mji wa Auboué, mtaa wa wafanyakazi uitwao Coinville ulianza kushuka. Hakuna aliyekufa. Kuta zilipasuka, milango haikufunga, mabomba yakakatika, na familia zikatolewa katika nyumba ambazo nyingi wazee walizinunua kwa akiba ya maisha yao baada ya kampuni kuondoka. Mwezi Mei 1997 ikawa zamu ya Moutiers. Mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 ikawa Roncourt. Nyumba makumi kwa makumi zilibomolewa.

Wananchi walilaumu maji, na wataalamu wakabishana. Si rahisi kumtwisha mshitakiwa mmoja dhambi yote, maana nguzo zile zilikuwa za zamani, na utafiti ulionyesha kwamba hata kabla ya kufikiwa na maji, hewa yenye unyevu huyageuza taratibu yale madini yanayoziunganisha chembe za mawe ya chuma, nguzo ikazeeka ikiwa imesimama. Maji nayo yana tabia mbili. Yanapopanda mara ya kwanza hulainisha miguu ya nguzo. Yakishajaa kabisa husaidia kubeba, kama bahari inavyoubeba mtumbwi. Hatari iko katika kipindi cha katikati, na hurudi tena maji yakishushwa ghafla. Kwa hiyo swali la kumwuliza mhandisi si kama maji ni mabaya au mazuri. Aulizwe maji yako wapi leo, jana yalikuwa wapi, na yanakwenda kwa kasi gani.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala hii, yaani kazi ya kutazama.

Baada ya Auboué, Serikali ya Ufaransa ilikusanya vyuo na taasisi zake za elimu ya miamba, ikaanzishwa jumuiya ya utafiti iitwayo GISOS mwaka 1999, na taasisi ya INERIS ikatega vyombo katika ardhi ya Lorraine. Vyombo vyenyewe, majina yake ya kitaalamu yakiwekwa kando, si vigumu kufahamika. Kuna masikio yaliyoteremshwa katika mashimo membamba ili kusikia mlio wa jiwe linapopasuka, kwani mwamba hulia kabla ya kuvunjika, japo kwa sauti ambayo sikio la binadamu halikuumbiwa. Kuna fimbo za chuma zilizopigiliwa ndani ya nguzo ili kupima imefura kiasi gani, hata sehemu ndogo ya milimita. Kuna nyingine zilizosimamishwa baina ya sakafu na dari ili kujua kama chumba kinasinyaa. Kuna visima vya kupimia kimo cha maji, na vipimo vya joto na unyevu wa hewa. Na juu ya ardhi kuna watu wanaopita na vyombo vya upimaji barabara ile ile kila mwaka, ili kujua kama imeshuka.

Chombo kimoja peke yake hudanganya. Fimbo ikisema nguzo imefura, huenda ni joto tu limepanda. Lakini ukiona maji yamepanda sentimita kadhaa, kisha baada ya wiki mguu wa nguzo umefura, kisha masikio yakaanza kusikia milio, hapo una ushahidi. Katika machimbo ya zamani ya chaki ya Saint-Martin-le-Nœud, karibu na mji wa Beauvais, maji ya ardhini hupanda na kushuka ndani ya vyumba vyenyewe yakazioga nguzo miguu, na watafiti wamefanya pale skuli ya kusoma mwendo huo mwaka baada ya mwaka. Faida yake iko katika kule kuendelea. Kipimo cha siku moja ni namba tu. Vipimo vya miaka 5 vinakuambia nguzo hupumua vipi masika na kiangazi, na hapo ndipo unapoweza kujua siku inapoanza kupumua kinyume na desturi yake.

Huko huko Lorraine, Cerville, wataalamu walifanya jambo la ujasiri. Palikuwa na pango kubwa la chumvi, lililochimbwa kwa kuyeyushwa na maji, ambalo ilijulikana kwamba halina budi kuanguka. Badala ya kukimbia walilizungushia vyombo kwa miaka kadhaa, kisha wakapunguza maji ya chumvi yaliyokuwa yakilisaidia kusimama, na mwezi Februari 2009 likaanguka mbele ya macho ya vyombo vyote, pasipo mtu kudhurika. Kumbukumbu za siku zile zimekuwa kama kamusi ya kusomea milio ya mahali pengine.

Haya yote yana gharama, na hapa ndipo siasa inapoingia. Nani alipe? Mwenye leseni hutazama nguzo muda wote anaochimba, kwa kuwa ikianguka itamfukia yeye na mashine zake. Siku anapofunga lango, nguzo hazimhusu tena, ilhali ndio kwanza zimeanza kuzeeka. Waingereza walilionja jambo hili mapema zaidi, katika mji wa Northwich, jimbo la Cheshire. Migodi ya chumvi ilipoachwa na kuingiwa na maji, watu wengine wakaja kuyavuta maji yale ya chumvi na kuyachemsha, wakijua au wasijue kwamba wanauza miguu ya nguzo. Maduka yakazama na barabara zikawa maziwa. Mwenye nyumba alipodai fidia kila bepari alimnyooshea kidole mwenzake, maana nani angeweza kuthibitisha ni pampu ya nani iliyoyeyusha nguzo ipi? Mwaka 1891 Bunge lao likatunga sheria ya kuwatoza wavuta chumvi wote kwa pamoja. Hata hivyo zaidi ya miaka 100 baadaye, kati ya 2004 na 2007, Serikali ilibidi itoe makumi ya mamilioni ya pauni kujaza migodi minne chini ya mji huo kwa mchanganyiko wa majivu, saruji na maji ya chumvi. Maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu yangezimaliza zile nguzo zilizobaki kabla saruji haijakauka.

Na Ufaransa? Ilichukua karibu miaka miwili na nusu baada ya Auboué ndipo ikapitishwa sheria ya tarehe 30 Machi 1999, inayosema kwamba mchimbaji anawajibika kwa madhara hata baada ya kufunga, na kwamba akitoweka au akifilisika, Serikali ndiyo mdhamini wa mwathirika. Sheria njema. Lakini iliwakuta watu wa Coinville wamekwisha kuzifunga samani zao.

Turudi kwetu. Bara tumekwisha kuonja maji ndani ya machimbo. Mererani, mvua za 1998 na tena za Machi 2008 ziliingia katika mashimo ya tanzanite na kuzamisha vijana kwa makumi. Januari 2024, huko Ng'alita wilayani Bariadi, udongo uliwafukia watu 22 walioingia kuchimba mahali palipokuwa pamezuiliwa kwa sababu ya mvua kubwa. Misiba hiyo haikuwa ya nguzo kuzeeka, na nisingependa msomaji aichanganye. Lakini inatuonyesha kwamba katika nchi yenye masika kama yetu, maji ndiyo ya kwanza kuulizwa. Amri ya kuzuia ilikuwapo Bariadi, na ilikuwa ya haki. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni.

Kuna wanaosema kwamba vyombo hivi ni vya mataifa tajiri. Si kweli kwa yote. Kipande cha kioo kilichobandikwa kwa saruji juu ya ufa, kikipasuka kimekwisha kutoa habari, na bei yake haifiki kikombe cha kahawa Darajani. Mstari wa rangi na tarehe kwenye ncha ya ufa, kigingi cha kupimia maji, kipima unyevu kilichotundikwa penye hewa inayoingia na kingine penye inayotoka, vyote vyawezekana hata kwa ushirika wa wachimbaji wadogo. Kilicho ghali ni uaminifu. Daftari la vipimo lililojazwa mwezi mzima kwa siku moja, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ni hatari kuliko kukosa daftari, kwa sababu aliye juu hulala usingizi akilitegemea. Kila kiongozi aliyepata kukagua hesabu za ushirika anaujua ugonjwa huo.

Sheria yetu ya Madini ya 2010 imeweka mlango wa kumdai mchimbaji mkubwa dhamana ya fedha kwa ajili ya kuitengeneza ardhi baada ya kazi. Ni mlango mzuri, na maoni ya safu hii ni kwamba upanuliwe. Kurudisha udongo na kupanda miti juu ya shimo ni kazi inayoonekana na kupigwa picha. Kuzitazama nguzo gizani kwa miaka 20 baada ya sherehe ya kufunga hakupigwi picha. Kwa hiyo hesabu ya dhamana haina budi kuingiza mishahara ya watazamaji hao, umeme wa vyombo vyao, na gharama za pampu, pamoja na masharti ya lini na kwa mwendo gani pampu hizo zizimwe. Fedha hizo zishikwe mapema, wakati mgodi ungali na faida na mwenyewe angali anapatikana kwa simu.

Na kuna ramani. Katika nchi hizo zote nilizozitaja, moja ya dhiki kubwa za waokoaji na wapimaji ilikuwa kutafuta michoro ya nguzo za zamani, iliyopotea, kuliwa na mchwa au kutunzwa na kampuni ambayo haipo tena. Mgodi wowote wa chini kwa chini utakaofungwa katika nchi yetu uache mchoro wa kila nguzo iliyobaki, upana wake, kimo chake, aina ya jiwe na mahali maji yalipokuwa siku ya mwisho. Nakala moja ikae kwa Taasisi ya Jiolojia Dodoma. Ya pili ikae wilayani. Ya tatu ikabidhiwe ofisi ya kijiji kilicho juu ya mgodi wenyewe, kwa Kiswahili, katika kasha lisiloingia unyevu, ili mtu atakayetaka kujenga skuli au msikiti pale mwaka 2060 apate mahali pa kuuliza kabla hajaanza kuchimba msingi.